Dhamana ya Msimamizi Ramani Inapobadilishwa: Quebec 1907 na Kansas City 1981

Ni nadra jengo kubwa kumalizika kama lilivyochorwa siku ya kwanza. Ramani hutoka mkononi mwa mhandisi ikiwa imetimia machoni pake. Kisha hupita kwa mfua chuma, atakaye njia nyepesi ya kuikata. Kwa mwashi, aonaye mwamba mahali palipodhaniwa kuwa pana udongo. Na kwa mwenye mali, atakaye kazi iishe kabla ya fedha yake kuisha. Kila mmoja wao huomba jambo fulani lipunguzwe, liongezwe au lihamishwe. Maombi hayo si kosa, maana kazi nyingi zisingalikwisha kama yasingalikuwako. Lakini kila badiliko huleta swali ambalo umri wake ni sawa na umri wa kazi ya kujenga: yule aliyesema kuwa badiliko lifanywe, je, amejitwika yatakayofuata, au ametoa ruhusa tu? Na yule aliyeliona badiliko akanyamaza, hukumu yake ni ipi?

Neno dhamana katika Kiswahili lina pande mbili. Ni kazi aliyokabidhiwa mtu, na ni deni atakalolipa kazi hiyo ikiharibika. Kiingereza hutenga pande hizo kwa maneno mawili, na wanasheria wake wametumia miaka mingi kupima nafasi iliyo kati ya neno moja na la pili. Nafasi hiyo ndiyo waliyoanguka ndani yake watu wengi wenye elimu na heshima. Walikubali kuwa kazi ilikuwa yao, wakakana kuwa deni lilikuwa lao. Misiba miwili, mmoja wa Kanada wa mwaka 1907 na mwingine wa Marekani wa mwaka 1981, hulionyesha jambo hili kwa uwazi, kwa sababu katika kila mmoja wao kilichoua hakikuwa tetemeko la nchi wala tufani, bali badiliko la ramani ambalo hesabu yake haikufanywa inavyostahili.

Mji wa Quebec umekaa kando ya Mto St. Lawrence, mto mpana wenye mkondo mkali, ambao wakati wa baridi hujaa barafu. Wenyeji wake walitamani daraja la reli kwa miaka mingi, na kampuni ya kulijenga iliundwa mwaka 1887. Lakini fedha zilikuwa haba, na kazi ilikawia. Hatimaye kazi ya chuma ilipewa Phoenix Bridge Company, kampuni ya Pennsylvania katika Marekani, na mchoraji wake mkuu alikuwa Peter Szlapka. Juu yao aliwekwa mhandisi mshauri, Theodore Cooper wa New York, mtu aliyekuwa na sifa kubwa miongoni mwa wajenzi wa madaraja wa zama zake. Kampuni ya daraja yenyewe ilikuwa na mhandisi mkuu, Edward Hoare, lakini huyo hakuwa na uzoefu wa madaraja ya ukubwa ule. Kwa jina, mamlaka yalikuwa ya Hoare. Kwa kweli, yalikuwa ya Cooper.

Mwaka 1900 Cooper alitoa shauri la badiliko kubwa. Nafasi kati ya nguzo mbili kuu, ambayo ilikuwa futi 1,600, iongezwe iwe futi 1,800. Sababu zake zilikuwa na akili. Nguzo zikisogezwa karibu na kingo zitasimama katika maji machache zaidi, barafu haitazisumbua sana, na misingi yake itajengwa kwa muda mfupi na kwa gharama nafuu. Tena daraja hilo lingelipita kwa urefu wa nafasi daraja maarufu la Forth katika Uskoti, lililokuwa na futi 1,710, na hivyo lingekuwa la kwanza ulimwenguni kwa aina yake. Shauri lilikubaliwa.

Sasa mtu akirefusha daraja, haongezi urefu tu. Chuma kilichoongezwa kina uzito, na uzito huo sharti ubebwe na chuma kingine, ambacho nacho kina uzito wake. Katika daraja kubwa sehemu kubwa ya mzigo si garimoshi lipitalo juu yake, bali ni daraja lenyewe. Kwa hiyo badiliko la futi 200 lilidai hesabu yote ya uzito ianzwe upya. Haikuanzwa upya. Kwa miaka mitatu fedha hazikuwako, na hakuna aliyetaka kugharimia hesabu ya kazi ambayo haikujulikana kama itafanyika. Mwaka 1903 serikali ya Kanada ilipotoa dhamana ya fedha, haraka iliwashika wote, na ramani zikachorwa kwa kutegemea uzito uliokisiwa zamani. Vyuma vikafuliwa kwa ramani hizo.

Palikuwa na nafasi moja ya kosa hilo kuonekana mapema. Mhandisi wa serikali alipozisoma kanuni za kazi, alitilia shaka ukubwa wa mzigo ambao Cooper aliruhusu chuma kibebeshwe, na ikapendekezwa kuwa serikali iajiri mtu mwingine wa kuzipitia ramani. Cooper alikataa. Aliona kuwa kuwekewa mkaguzi ni kushushwa cheo, na serikali ikamridhia. Tangu siku hiyo neno lake likawa la mwisho. Lakini mtu huyu aliyetaka neno la mwisho alikuwa mzee mwenye afya dhaifu. Alifika penye kazi kwa mara ya mwisho mwezi wa Mei 1903, kabla chuma cha daraja hakijaanza kuinuliwa, na baada ya hapo aliiongoza kazi kwa barua na telegramu kutoka New York. Macho yake pale mtoni yalikuwa ya kijana mmoja, Norman McLure, mhandisi ambaye hakupewa uwezo wa kuamuru kazi isimame.

Wahenga walisema kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Mwaka 1906 ilidhihirika kuwa uzito wa chuma kilichotoka kiwandani ulizidi uliokisiwa. Sehemu kubwa ilikwisha kufuliwa, na nyingine ilikwisha kusimamishwa. Cooper alikuwa na njia mbili: kukiri na kuanza tena, au kuhesabu kuwa ziada ile ilikuwa bado ndani ya kadiri inayovumilika. Alichagua ya pili. Hapa ndipo badiliko la mwaka 1900 lilipogeuka kuwa deni. Mtu aliyeliidhinisha ndiye aliyeachiwa kulipima kosa lake mwenyewe, wala hapakuwa na mwingine wa kumwambia la.

Mwezi wa Agosti 1907 mihimili ya chini, ile ibanwayo na uzito wa daraja zima, ilianza kupinda. Baadhi ya watu wa Phoenix walidai kuwa vyuma vilitoka kiwandani vikiwa vimepinda tayari. Tarehe 27 McLure alipima mhimili mmoja akaona kuwa mpindo, uliokuwa robo tatu za inchi siku chache nyuma, umefika inchi mbili na robo. Aliandika barua, kisha akapanda garimoshi kwenda New York kumwona Cooper uso kwa uso. Msimamizi wa wafanyakazi pale darajani aliazimia kwanza kusimamisha kazi, kisha akageuza shauri, na kazi ikaendelea. Mchana wa tarehe 29 Cooper alimsikiliza McLure, akapeleka telegramu kuwa mzigo usizidishwe. Telegramu haikwenda Quebec. Ilikwenda Pennsylvania, katika ofisi ya kampuni, ambako wakubwa waliona kuwa jambo linaweza kungoja mazungumzo ya asubuhi. Jioni ile ile, wafanyakazi walipokuwa karibu kuacha kazi, mkono wote wa kusini wa daraja ulianguka mtoni. Watu 75 kati ya 86 waliokuwa juu yake walikufa. Miongoni mwao 33 walikuwa Wamohawk wa kijiji cha Kahnawake, mabingwa wa kazi ya chuma ya juu, na kijiji kimoja kikawa na maombolezo katika nyumba nyingi kwa siku moja.

Tume ya Kifalme ilichunguza na kutoa taarifa yake mwaka 1908. Iliona kuwa mihimili ya chini ilikuwa dhaifu kwa namna ilivyochorwa, ikaweka kosa hilo juu ya uamuzi wa Szlapka na Cooper. Tena iliilaumu kampuni ya daraja kwa kutomweka mhandisi mkuu mwenye uzoefu wa kazi kama ile. Lakini lawama hiyo ilikuwa ya maandishi. Hakuna kati ya wahandisi wale aliyefungwa kwa ajili ya vifo vile. Sheria ya siku zile ilikuwa haijapata njia madhubuti ya kumshika mhandisi kwa taaluma yake.

Daraja la pili lilipojengwa, serikali iliweka baraza la wahandisi mahali pa mtu mmoja. Hata hivyo tarehe 11 Septemba 1916 kipande cha katikati kilianguka kikiinuliwa, watu 13 wakafa, na daraja lilikamilika mwaka 1917. Mwaka 1925 wahandisi wa Kanada walianza desturi ya kuvaa pete ya chuma katika kidole kidogo cha mkono wa kazi, baada ya kula kiapo. Watu wengi husimulia kuwa pete za kwanza zilifuliwa kwa chuma cha daraja lililoanguka. Masimulizi hayo si kweli, lakini kuenea kwake kuna maana: umma ulitaka kuamini kuwa mhandisi huvaa msiba wa wenziwe mwilini, ili asisahau.

Msiba wa Quebec ulikuwa wa mtu mmoja mwenye mamlaka mengi mno na miguu isiyofika kazini. Wa Kansas City, katika jimbo la Missouri, ulikuwa wa namna nyingine: watu wengi walikuwako, kila mmoja na sehemu yake, na badiliko likapita katikati yao kama maji yapitavyo katika vidole.

Hoteli ya Hyatt Regency ilifunguliwa mwezi wa Julai 1980. Ukumbi wake wa katikati ulikuwa wazi hadi juu, na njia za kupitia watu, mfano wa madaraja madogo, zilining'inizwa kutoka darini ili kuunganisha upande mmoja wa jengo na wa pili. Njia ya ghorofa ya pili ilikuwa sawasawa chini ya njia ya ghorofa ya nne. Ya ghorofa ya tatu ilikuwa kando, peke yake. Kila njia ilikuwa na urefu wa futi 120 hivi, na uzito wa ratili 64,000 hivi. Zote zilishikwa na fito za chuma zilizoshuka kutoka darini, zikapenya katika boriti, na chini ya kila boriti pakakazwa nati.

Katika ramani ya kwanza ufito mmoja ulitoka darini ukapita katika boriti ya ghorofa ya nne bila kukatika, ukaendelea hadi boriti ya ghorofa ya pili. Kampuni iliyofua chuma iliona taabu. Ili nati ifike pale juu, ufito mrefu ungepasa kuchongwa hesi karibu sehemu yake yote ya chini, na hesi hizo zingeweza kuharibika wakati wa kupandishwa. Kwa hiyo kampuni ilishauri fito mbili mahali pa mmoja: wa kwanza utoke darini ukomee katika boriti ya ghorofa ya nne, wa pili uanzie katika boriti hiyo hiyo, inchi chache kando ya ule wa kwanza, ushuke hadi ghorofa ya pili. Kwa jicho la mpita njia, mambo yalikuwa yale yale.

Hayakuwa yale yale. Mtu afunge vikapu viwili katika kamba moja itokayo darini, kila kikapu na fundo lake. Kila fundo litabeba kikapu kimoja. Kisha aikate kamba, akifunge kikapu cha chini katika mpini wa kikapu cha juu. Kamba ya juu haitajua tofauti, maana itabeba vikapu viwili kama mwanzo. Lakini fundo la kikapu cha juu, lililokuwa likibeba kikapu kimoja, sasa litabeba viwili. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa nati za ghorofa ya nne. Mzigo wake uliongezeka mara mbili kwa badiliko lililokusudiwa kurahisisha kazi ya kiwandani. Hesabu ya kulitambua hilo haizidi uwezo wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi. Ilichokosa ni mtu wa kuifanya.

Michoro ya kiwandani yenye fito mbili ilipelekwa katika ofisi ya wahandisi wa jengo, ikarudi mwezi wa Februari 1979 ikiwa na mhuri wa ukaguzi. Mwenye ofisi alikuwa Jack Gillum, ambaye mhuri wake binafsi ulikuwa juu ya ramani za jengo. Mhandisi aliyesimamia mradi kwa niaba yake alikuwa Daniel Duncan. Baadaye kampuni ya chuma ilidai kuwa ilipiga simu na kuruhusiwa kubadili. Upande wa wahandisi ulikana kuwa simu hiyo ilipata kupigwa. Tena mwezi wa Oktoba 1979, ujenzi ukiendelea, sehemu ya paa la ukumbi ule ilianguka. Mwenye mali alishtuka, akataka uhakika, na wahandisi wakaahidi kuvipitia viungo vya chuma vya ukumbi. Kiungo cha fito na boriti hakikupitiwa. Msanifu wa jengo naye alipouliza habari za fito mbili, alijibiwa kuwa hazina neno, na aliyejibu alikuwa hajahesabu.

Jioni ya tarehe 17 Julai 1981 palikuwa na dansi katika ukumbi, na watu wapatao 1,600 walikusanyika. Wengine walisimama juu ya njia wakitazama. Boriti za ghorofa ya nne zilipasuka penye nati, fito zikachomoka, njia ya nne ikaangukia ya pili, na zote mbili zikawaangukia waliokuwa chini. Watu 114 walikufa, na zaidi ya 200 waliumia. Njia ya ghorofa ya tatu, ambayo haikubeba mwenziwe, ilibaki ikining'inia.

Idara ya taifa ya vipimo ya Marekani ilichunguza, ikatoa taarifa mwaka 1982. Iliona kuwa kiungo kile kama kilivyojengwa kiliweza kubeba asilimia 30 hivi tu ya mzigo uliotakiwa na kanuni za ujenzi za mji. Lakini iliona pia jambo la pili, ambalo ni zito kwa mtu anayetaka kugawa lawama kwa haki: hata ramani ya kwanza, yenye ufito mmoja, ingaliweza kubeba asilimia 60 hivi tu. Maana yake ni kuwa kiungo hakikuhesabiwa kabla ya badiliko wala baada yake. Badiliko lilikuwa nafasi ya pili ya kukihesabu, nayo ikapotea kama ya kwanza.

Hakuna aliyeshtakiwa kwa jinai. Madai ya fidia yalimalizwa kwa mamilioni mengi ya dola yaliyolipwa na wenye mali, makampuni na bima zao. Lakini bodi ya jimbo la Missouri, yenye kutoa leseni kwa wahandisi, ilifungua mashauri juu ya Gillum na Duncan, na kesi hiyo ndiyo iliyoacha mafunzo ya kudumu.

Utetezi wao ulikuwa na nguvu kuliko unavyoonekana kwa mbali. Walisema kuwa ilikuwa desturi ya kazi mahali pale mhandisi kuchora umbo la jumla, na kampuni ya chuma kubuni viungo. Kama desturi ndiyo hiyo, basi aliyebuni kiungo ndiye mwenye kosa, na mhuri wa ukaguzi haukuwa na maana zaidi ya kuwa michoro imetazamwa na kuonekana kufuatana na nia ya ramani. Hoja hii si ya mtu mjanja tu. Ndivyo kazi kubwa zinavyoendeshwa. Mtu mmoja hawezi kuhesabu kila nati katika jengo lenye ghorofa nyingi, na msimamizi asiyeweza kumwamini mwingine hataweza kumaliza kitu.

Hakimu wa mashauri ya utawala, James Deutsch, aliikataa hoja hiyo katika uamuzi wake wa mwaka 1985. Alisema kwa urefu jambo ambalo laweza kuelezwa kwa ufupi: kazi yaweza kugawiwa, dhamana haigawiki. Sheria ya jimbo humfanya mwenye mhuri awe na wajibu binafsi wa kile alichokipiga mhuri, na desturi ya watu wa kazi haiwezi kuiondoa sheria. Mhandisi ana hiari ya kumwachia mfua chuma abuni kiungo. Hana hiari ya kutojua kiungo hicho ni nini. Walionekana kuwa na hatia ya uzembe mkubwa na mwenendo usiofaa kwa taaluma. Leseni zao za Missouri zilitwaliwa mwaka 1986, na mwaka 1988 mahakama ya rufaa ya jimbo ikauthibitisha uamuzi. Mahakama ilieleza uzembe mkubwa kuwa ni hali ya mtu kutojali wajibu wa taaluma yake, naye anaujua. Haikulazimu kuonyesha kuwa alitaka madhara. Ilitosha kuwa alijua palikuwa na jambo la kufanywa na hakujishughulisha nalo.

Je, hukumu hiyo ilikuwa ya haki? Wako wasemao kuwa haikuwa kamili, nao wana hoja. Wazo la fito mbili lilitoka kwa kampuni ya chuma, na faida ya wepesi wake ilikuwa ya kampuni hiyo. Ilhali bodi ina mamlaka juu ya wenye leseni yake tu. Mwenye mali, msanifu, mkandarasi na wakaguzi wa mji, wote walipita chini ya boriti zile. Lawama ikiwekwa juu ya wawili, wengine hupata kulala usingizi. Lakini hoja hii ikipimwa tena huonekana kuunga mkono hukumu. Kwa sababu walikuwa wengi, kila mmoja alikuwa na mwenziwe wa kumtegemea: mfua chuma aliutegemea mhuri wa mhandisi, mhandisi aliutegemea ujuzi wa mfua chuma, msanifu alilitegemea jibu la mhandisi, na mwenye mali aliitegemea ahadi. Mithali ya Waswahili yasema kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Katika mduara wa namna hii sharti pawe na mmoja ambaye hana ruhusa ya kumtegemea mwingine, na sheria ilimchagua yule ambaye peke yake alikuwa na elimu ya kuiona hatari, na aliyelipwa ili aione.

Tofauti kati ya kutoa ruhusa na kuchukua dhamana yaonekana vizuri katika ile simu iliyobishaniwa. Kama ilipigwa, ruhusa ilitoka bila hesabu. Kama haikupigwa, mhuri ulitoka bila kusoma. Kwa vyovyote vile mwisho wake ni mmoja. Mabishano ya namna hii ndiyo yaliyowafanya watungaji wa mikataba ya ujenzi kudai maandishi. Mkataba wa shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, FIDIC, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1957, na ambao matoleo yake yametumika katika kazi nyingi za barabara na maji za Afrika Mashariki, ulikuwa na kanuni juu ya jambo hili katika toleo la mwaka 1987: amri za mhandisi ziwe kwa maandishi, na akitoa amri kwa mdomo, mkandarasi aweza kuiandika na kumpelekea ndani ya siku 7, na mhandisi asipoikanusha kwa maandishi ndani ya siku nyingine 7, huhesabiwa kuwa ni amri yake. Kanuni hiyo ndogo yageuza ukimya kuwa kauli. Msimamizi aliyezoea kusema kuwa hakuambiwa, au hakujibu kwa kuwa alikuwa na kazi nyingi, hukuta kuwa kutojibu kwake kumetia saini.

Hata hivyo maandishi peke yake hayatoshi. Quebec ilikuwa na maandishi mengi. Barua za McLure zilikuwa wazi, na telegramu ya Cooper iliandikwa kabla ya daraja kuanguka. Kilichokosekana ni mtu aliyekuwa mahali pa kazi, mwenye elimu ya kuelewa na uwezo wa kuamuru. Cooper alikuwa na elimu na uwezo, hakuwako. McLure alikuwako, naye alielewa, hakuwa na uwezo. Msimamizi wa wafanyakazi aliweza kusimamisha, hakuwa na elimu ya kushikilia uamuzi wake. Naye alikuwa miongoni mwa waliokufa. Yale mambo matatu yalikuwa yametawanyika kwa watu watatu, na badiliko la ramani halikungoja yakutane.

Kutokana na misiba hii miwili mwanafunzi wa historia aweza kuona namna maana ya dhamana ilivyosogea katika muda wa miaka 80. Mwaka 1908 kosa la mhandisi liliitwa kosa la uamuzi, na adhabu yake ilikuwa kupotewa na jina jema. Mwaka 1986 kosa la namna hiyo lilimvua mtu kazi yake, kwa sababu kati ya nyakati hizo jamii ilikwisha kuigeuza taaluma kuwa amana yenye leseni na mhuri. Amana hiyo imefika Afrika Mashariki pia: Tanzania, kwa mfano, ina Bodi ya Usajili wa Wahandisi iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1997, na mhandisi akisajiliwa huingia katika mapatano yale yale kati ya mjuzi na umma usiojua.

Gillum mwenyewe, baada ya miaka, alisimama mbele ya wahandisi na wanafunzi mara nyingi akawaeleza msiba wa Kansas City, akikubali kuwa ulikuwa juu yake. Hoteli nayo ilikarabatiwa. Mahali pa njia za kuning'inia pakajengwa roshani moja juu ya nguzo zilizosimama chini. Mtu aingiaye ukumbini aweza kufuata mzigo kwa macho yake kutoka sakafu ya juu hadi ardhini, akajua kila kitu kinashikwa na nini. Msimamizi wa kazi kubwa atakaye kulala usiku sharti aweze kufanya hivyo kwa kila badiliko alilolitia mhuri: alifuate kutoka kwa aliyeliomba hadi kwa aliyelihesabu, na asipomkuta aliyelihesabu, akae chini alihesabu mwenyewe.